Saa ya Kurudi Ipangwe Kabla ya Kuondoka

Katika shule nyingi za sekondari za pwani, matembezi ya mafunzo hutayarishwa kwa bidii kubwa, lakini bidii hiyo huelekezwa mahali pasipostahili. Barua za ruhusa huandikwa na kugongwa mihuri, michango hukusanywa, basi hukodiwa, kamati ya chakula hujadili pilau kwa vikao viwili au vitatu. Ikifika zamu ya kuuliza wanafunzi watakunywa maji kiasi gani, watatembea kwa mwendo gani, na ni saa ngapi watageuza njia hata kama hawajafika walikokusudia, kikao huwa kimekwisha. Mambo hayo huachiwa Mungu, au huachiwa mwalimu wa zamu, ambaye mara nyingi hana habari kwamba ameachiwa.

Yafaa jambo hili litazamwe upya. Hatari nyingi za matembezi ya siku moja hazitokani na bahati mbaya. Ni mambo yanayopimika, na karibu yote yamo katika vitabu vya fizikia, jiografia na biolojia ambavyo wanafunzi hao hao huvibeba mikobani. Shule inayowapeleka wanafunzi porini bila kuwafanyisha hesabu hizo kwanza imewanyima sehemu iliyo bora ya somo, na juu ya hayo imewatia hatarini.

Chukua mfano wa Makurunge, wilayani Bagamoyo. Nchi hiyo, iliyo kati ya mto Ruvu na mto Wami, ni darasa ambalo shule chache zinalo kwa ukaribu kiasi hicho. Katika safari moja ya gari kutoka mjini Bagamoyo mwanafunzi huweza kuona mikoko ya mlango wa Ruvu, mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi, vichaka, mashamba ya miwa, na msitu wa Zaraninge, ambao ni mmoja wa mabaki ya misitu ya kale ya pwani na ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwalimu wa biolojia, wa jiografia na wa historia wote wana kazi huko. Kwa hiyo swali si kama wanafunzi waende au wasiende. Waende. Desturi ya kupiga marufuku safari zote kwa miaka kadhaa baada ya ajali moja ni njia ya viongozi kujikinga na lawama, na mwanafunzi hafaidiki nayo hata kidogo.

Wazazi wakisikia jina la Saadani huuliza kwanza habari za simba na nyoka. Swali hilo ni la haki, na lina majibu. Lakini joto ndilo linalostahili kuulizwa kwanza, na halipati muulizaji, kwa kuwa kila mtu wa pwani hudhani amekwisha kulizoea.

Mwili wa mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50, akitembea kwa mwendo wa kawaida, huzalisha joto la wati 250 hivi. Kila kilo ya mwili huhitaji jouli 3,500 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya sentigredi. Kwa hiyo mwili mzima huhitaji jouli 175,000. Gawanya kwa 250, utapata sekunde 700, yaani dakika 12 hivi. Maana yake ni kwamba lau joto hilo lisingepata pa kutokea, mwili ungepanda nyuzi moja kila dakika 12, na katika muda wa nusu saa na ushei ungetoka nyuzi 37 na kufika nyuzi 40, ambapo ubongo huanza kushindwa na kazi yake. Jambo hilo halitokei kikamilifu, kwa sababu mwili hujipooza, na kunapokuwa na joto kali chombo chake kikubwa cha kujipooza ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na jouli milioni 2.4.

Neno la kuangaliwa hapo ni "ikikauka". Jasho linalodondoka chini limeupotezea mwili maji bila kuupunguzia joto. Mwezi Februari na Machi joto la kivulini Bagamoyo hufika nyuzi 32 au zaidi, na hewa imejaa mvuke wa bahari, hivyo kwamba jasho hukauka kwa shida. Mtu huyo huyo angetembea kwa raha zaidi Dodoma katika joto lile lile, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu. Mwanafunzi aliyeloa shati zima hupoteza maji mengi kuliko kinga anayoipata.

Sasa hesabu ya maji. Wanafunzi 40, mwendo wa kilomita 12 kwenda na kurudi. Mtu mmoja hutembea kilomita 4 kwa saa bila taabu. Lakini msafara wa watu 40, wenye kusimama kutazama majani na kungojana, haupiti kilomita 2.5. Hizo ni saa 5 kasoro kidogo, tuseme 5. Anayetembea juani hupoteza kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Tukichukua lita 0.7, kila mmoja atahitaji lita 3.5, na msafara mzima lita 140. Hayo ni madumu 7 ya lita 20, yenye uzito wa kilo 140. Nani atayabeba? Swali hilo likiulizwa darasani siku tatu kabla ya safari huzaa majibu ya maana: njia ifupishwe iwe kilomita 6, au maji yatangulizwe kwa pikipiki hadi katikati ya njia, au kila mwanafunzi abebe lita 2 na zilizobaki zikae mahali panapojulikana. Likiulizwa saa sita mchana, katikati ya vichaka, halina jibu.

Maji matupu yakinywewa kwa wingi kupita kiasi nayo hudhuru, kwa kuwa chumvi ya damu huzimuliwa. Karanga zenye chumvi na pakiti chache za dawa ya kuongeza maji mwilini ni mzigo mdogo wenye faida kubwa. Dawa hiyo ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi huifanya kazi hiyo. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikianza, misuli ikikaza, mwanafunzi akae kivulini, anywe, apumzike, na safari yake ya kwenda mbele imekwisha. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kupepesuka kama mlevi, hiyo ni hatari ya kufa. Avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma, na upoozaji huo uanze pale pale kabla ya gari kutafutwa. Asinyweshwe kitu ikiwa fahamu zimempotea.

Watu waliotembea Bagamoyo zamani waliyajua haya bila kipimajoto. Misafara ya karne ya 19, iliyoanzia mji huo na kuvuka Ruvu kuelekea Unyamwezi, ilikuwa na wapagazi wenye mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja. Kwa desturi waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya adhuhuri. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alitegemea maarifa yao, na waliouleta mwili wa Livingstone hadi mji huo huo Februari 1874 walikuwa wametembea kwa miezi mingi tangu Chitambo. Linganisha na safari ya shule ya leo: basi limeahidi saa 12 asubuhi, linafika saa 3, picha zinapigwa, spika inafungwa, na mguu wa kwanza unakanyaga njia saa 5, yaani saa ambayo mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akitua mzigo wake. Si vigumu kuona ni nani kati yao aliyekuwa mwanasayansi.

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura, ambalo huonyesha jinsi kanuni nzuri ya shule inavyogeuka kuwa mbaya mahali pengine. Vichaka vya upande wa Saadani vina mbung'o. Wataalamu wanaopambana na mdudu huyo hushona mitego kwa vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi, kwa kuwa uchunguzi umeonyesha kwamba rangi hizo humvuta kuliko nyingine. Sasa zitazame sare za shule zetu: sketi na suruali za buluu iliyoiva, au nyeusi. Mwalimu anayesisitiza sare kamili "kwa ajili ya nidhamu" amewavika wanafunzi 40 vitambaa vya mtego. Ni kweli kwamba wagonjwa wa malale nchini wamepatikana hasa katika mikoa ya magharibi, lakini umo la mbung'o lauma kama sindano ya moto, na msafara unaopiga makofi na kukimbia huku na huku si msafara tena. Nguo za kaki au za rangi ya udongo, zenye mikono mirefu, na suruali kwa wavulana na wasichana, zingefaa zaidi. Na viatu viwe vya kufunika mguu. Kandambili zibaki nyumbani.

Wanaokwenda kwenye mikoko ya Ruvu wana hesabu yao peke yake. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kabisa kwenye saa 10 jioni. Saa 4 asubuhi ndiyo hasa saa ambayo kundi la wanafunzi hushuka topeni, na hulikuta wazi, limetulia, linakaribisha. Tuseme tofauti ya maji kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3.6. Mabaharia hugawa tofauti hiyo kwa 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na kila mtu husema bado mapema. Lakini saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 90 kila moja. Penye mteremko wa mita moja kwa kila mita 200, hizo sentimita 90 ni mita 180 za ufuko zinazomezwa kwa saa moja. Hata hivyo maji yanayokuja mbele huonekana. Hatari iko katika hori zilizo nyuma, zilizovukwa asubuhi kwa maji ya kifundo cha mguu, ambazo hujaa kimya kimya wakati kundi likihesabu kaa. Na mlango wa Ruvu una mamba na viboko. Mvuvi wa hapo huyajua maji kwa kuutazama mwezi tu. Ni ajabu kwamba mwanafunzi aliyefundishwa sababu za maji kujaa na kupwa hapewi kazi ya kuyapigia hesabu ya siku ya safari yake mwenyewe.

Mto nao una hila yake. Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na Wami hukusanya maji kutoka Nguru, Ukaguru na hata upande wa Dodoma. Mvua ikinyesha huko, maji huja kufurika Makurunge chini ya mbingu iliyo nyeupe kabisa. Hasara ya kusahau jambo hilo imekwisha kuonekana kwa jirani zetu. Aprili 2012, vijana wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walikwenda matembezi ya siku moja katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Maji yaliyoshuka ghafula katika korongo hilo jembamba yaliwachukua, na saba wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019, katika korongo hilo hilo, mafuriko ya ghafula yaliwaua watu wengine saba. Makurunge ni tambarare na haina makorongo ya namna hiyo, hivyo maji yake huja kwa upole zaidi. Lakini udongo wake mweusi ukilowa huganda kwenye miguu na magurudumu, na njia iliyopitika asubuhi haipitiki alasiri. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, mwalimu aulize habari za mvua ya Morogoro kabla ya kuuliza za Bagamoyo.

Yote haya hukutana katika jambo moja, nalo ni saa. Karibu na Ikweta jua halichelewi. Bagamoyo huchwa kwenye saa 12:10 jioni mwishoni mwa Mei, na mwishoni mwa Januari kwenye saa 12:50. Baada ya hapo mwanga wa kutembelea hubaki dakika 20 tu hivi. Ni wakati huo huo viboko hutoka majini kwenda malishoni, wakipita njia zao za kila siku, na ole wake aliyesimama kati ya kiboko na maji. Kwa hiyo hesabu ianze jioni na kurudi nyuma: basi liondoke saa 10; kundi lifike kwenye basi saa 9; kurudi ni saa 2 na nusu; basi saa ya kugeuka ni saa 6 na nusu mchana, popote kundi lilipo. Yupo Mskoti mmoja, William Naismith, ambaye mwaka 1892 aliweka kanuni inayotumika mpaka leo, kwamba mtu ahesabu saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kanuni hiyo yafaa ijulikane, hasa na shule za Morogoro zinazopeleka wanafunzi Uluguru. Lakini ilitungwa kwa wapanda milima wenye nguvu katika nchi ya baridi. Msafara wa shule hutembea kwa mwendo wa mwanafunzi aliye mdogo kuliko wote, na kanuni yoyote isiyomhesabu huyo ni ya bure.

Saa hiyo ya kugeuka ni rahisi kuipanga na ni vigumu kuitii. Michango imelipwa, msitu unaonekana mbele, wanafunzi wanaomba dakika 20 tu. Mwalimu kijana, aliyefuatana na mwenzake mkubwa kwa cheo, atasema nini? Ndiyo sababu inapasa saa hiyo iamuliwe ofisini, iandikwe na kutiwa saini na mkuu wa shule, ili aliye porini asilazimike kuipigania. Na mwalimu aliyegeuza kundi kabla ya kufika asiulizwe fedha za wazazi zimekwenda wapi.

Walimu wengine watasema muhtasari wa masomo umejaa, na hakuna vipindi vya ziada. Lakini hakuna kinachoongezwa. Joto fiche limo katika fizikia, mwendo wa wastani umo katika hisabati, mwezi na bahari vimo katika jiografia, jasho na chumvi vimo katika biolojia. Mwanafunzi aliyepata lita 140 kwa kalamu yake mwenyewe hatasahau maana ya joto fiche hata miaka 20 ikipita, na hatabeba soda moja kwa safari ya saa 5.

Habari za nyoka zaweza kuelezwa kwa ufupi. Kifutu hakimbii; hujilaza njiani akitegemea rangi zake, naye huuma akikanyagwa. Kwa hiyo macho yaangalie njia, mikono isiingizwe penye mashimo na magogo. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kifungwe gango kisitikisike, apelekwe hospitali. Asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukata damu, na lile jiwe jeusi linalosifiwa sana halijaonyeshwa kuwa na nguvu juu ya sumu. Aliyetemewa na swila aoshwe macho kwa maji mengi. Shirika la Afya Duniani liliingiza maumo ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na moja ya sababu ni kwamba dawa yake ni ghali na si kila zahanati huwa nayo. Ni wajibu wa mwalimu kuuliza kabla ya safari ni hospitali ipi inayo siku hiyo. Kuhusu simba, tembo na nyati, sheria ni nyepesi: ndani ya hifadhi hakuna kutembea kwa miguu bila askari wa hifadhi mwenye silaha, na nje ya hifadhi kundi liongozwe na mwenyeji wa kijiji, alipwe ujira wake, na neno lake lifuatwe.

Simu ya mkononi imewafanya wengi waamini kwamba matayarisho haya yamepitwa na wakati. Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji ni za kukariri, lakini penye mti mnene mawimbi hukatika, na simu iliyopiga picha tangu alfajiri huwa imezima ifikapo alasiri. Moja ifungwe mkobani ikiwa imejaa chaji, isiguswe. Na shuleni ibaki karatasi moja yenye majina ya wote waliokwenda, njia watakayopita, jina la mwenyeji anayewaongoza, saa ya kugeuka, na saa ya kufika kwenye basi. Karatasi hiyo akabidhiwe mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, anayejua kwamba ikipita saa 11 jioni bila habari asingoje ushauri wa mtu yeyote, bali apige simu.